Jina Lililokaa Njiani

Haya niliambiwa na Subilaga mwenyewe, Jumamosi ya kwanza baada ya ile mvua ya mawe ya mwezi wa nne, tukimenya ndizi za sherehe ya ubatizo nyumbani kwa mchungaji. Tulianza na beseni moja tukamaliza matatu, naye hajafika mwisho. Nimeyaandika kwa mpangilio alionipa. Pale alipocheka mpaka akaweka kisu chini nimepapita tu, maana kicheko hakiandikiki.

Subilaga ni mke wa Ambokile, yule fundi aliyetuletea walezi hapa Ilundo, huku juu kwenye baridi. Mimi naweza kumtaja Ambokile kwa jina kwa kuwa si baba mkwe wangu. Mkamwana wake, Tusekile, hawezi. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtaji baba wa mumewe, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayepinda kuingia migombani mpaka mzee apite. Wengi mijini wameshaliacha jambo hili. Sisi tumebaki nalo, na Tusekile, pamoja na shahada yake ya mashine, amelishika kuliko wasiosoma. Ana miaka tisa ya ndoa na uso wa mzee haujui. Anajua kikohozi chake na mgongo wake.

Wala si chuki. Mwaka wa kwanza alikuwa akisikia tu nyayo anakimbilia migombani, anarudi nyumbani ana matope mpaka magotini. Ambokile aliziona alama za miguu kwenye tope. Wiki ileile akamfundisha mlezi wa nyumba yao jambo jipya: mzee akiwa hatua thelathini kutoka alipo mkamwana, kengele ndogo ilie kwenye kifaa ambacho Tusekile hutembea nacho mfukoni. Ti, ti. Mara mbili tu. Basi Tusekile akawa anapata nafasi ya kugeuka taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu, viatu vikiwa safi. Hakuna aliyemwambia nani ameiweka kengele. Asubuhi moja mzee akakuta kikombe cha mtindi kizingitini, kimefunikwa kisahani, bila mtu wala neno.

"Hao wawili wanapendana," Subilaga aliniambia, "kuliko wanaoongea."

Niwaeleze walezi, kwa atakayesoma haya akiwa mbali. Kila nyumba yenye mgonjwa au mzee hapa Ilundo ina mlezi. Hana mwili. Husikiliza pumzi, hukumbusha dawa, hupasha kitanda joto baridi ikizidi. Walezi wote wanaishi ndani ya mashine tano zilizowekwa kwenye banda la zamani la kukaushia chai, ukuta mmoja na nyumba ya Ambokile, na kila mlezi ana kibanda chake humo ndani. Anayewapangia vibanda ni programu ambayo vitabuni wanaiita Kubernetesi. Sisi tuliochuma chai tulimwita Mnyapara, maana kazi ni ileile: anahesabu watu wake kutwa, akianguka mmoja anasimamisha mwingine mahali pake, na haulizi amekufa na nini.

Mnyapara hasemeshwi hivi hivi. Ukitaka kumwamuru unafungua Dirisha, ile picha kubwa ya ukutani inayoonyesha vibanda vyote, vya kijani vilivyo hai na vyekundu vilivyoanguka. Dirisha nalo halina miguu. Ukilipa amri, linamtuma mjumbe, programu ndogo ambayo kazi yake ni kupeleka amri kwa Mnyapara na kurudi na jibu. Mkumbukeni huyo mjumbe. Ndipo mambo yalipokwama.

*

Miaka mitatu nyuma koo la Ambokile lilianza kumsumbua, kamati ya kijiji ikampa Tusekile zamu ya banda. Hapakuwa na mwingine aliyesomea. Sasa utamfundishaje kazi mtu usiyeruhusiwa kukaa naye?

Walitundika kitenge kwenye mlango ulio kati ya nyumba na banda. Mzee akakaa upande wa nyumba na mashine yake ya mkononi, mkamwana upande wa banda mbele ya Dirisha, na Subilaga akaketi kizingitini na ungo wa maharage. Wote walisikiana vizuri, lakini neno lilikuwa halijafika mpaka lipite kwa Subilaga.

"Mama Lusajo," mzee alimwambia mkewe kwa jina la mtoto wao, "mwambie amwite Mnyapara."

"Mwite Mnyapara, mwanangu."

"Waambie ameitika, mama." Tusekile humtaja mzee kwa wingi, kwa heshima.

"Ameitika."

"Nimesikia. Mwambie amhamishe mlezi mmoja kutoka mashine ya pili kwenda ya tatu."

"Mhamishe mlezi mmoja, mwanangu, sijui wa wapi kwenda wapi, umesikia mwenyewe."

Siku nne waliendelea hivyo. Tusekile alijifunza kila kitu, isipokuwa kimoja ambacho hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyejua kwamba hakijui.

Ambokile ni fundi wa kizamani. Yeye hafungui Dirisha kwa kuligusa. Anaanza na skrini nyeusi, ile isiyo na picha, anaandika neno, Dirisha linazaliwa kutoka humo. Skrini nyeusi kila inapoamka husoma karatasi yake ya maagizo, na kwenye karatasi hiyo Ambokile alikuwa ameandika tangu zamani mahali anapokaa mjumbe. Dirisha likizaliwa na skrini nyeusi linarithi maagizo hayo. Linajua njia.

Tusekile ni wa kizazi cha kugusa. Anaona picha, anaigusa, inafunguka. Dirisha lililofunguliwa hivyo halikusoma karatasi yoyote. Linajua ghala la kijiji tu, mahali ambapo vyombo vya wote huwekwa. Ni kama kumtuma mtoto chumvi kwa jirani. Aliyekulia hapa anaujua mlango. Aliyeshushwa na basi leo ukimwambia "nenda kwa jirani", atakaa uani na kikombe chake.

Ila siku ile ya kukabidhiana, mzee alikuwa ameshalifungua Dirisha alfajiri kwa njia yake. Tusekile alilikuta wazi. Na kwa miaka mitatu halikuzimwa hata mara moja. Wangekaa benchi moja kwa dakika kumi, mmoja angeuona mkono wa mwenzake na kuuliza, mbona unafanya hivyo. Lakini palikuwa na kitenge.

*

Mvua ya mawe ilipiga Jumatano, saa tisa alasiri. Mawe kama mayai ya kanga. Migomba ya Subilaga ilichanika ikawa nyuzi. Radi ikashuka kwenye nguzo ya banda, taa zote zikazima, zikarudi, na kwenye mashine mbili ukatoka moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua.

Lusajo, mume wa Tusekile, alikuwa Kyela kwenye pampu za kumwagilia mpunga. Muuguzi alikuwa mjini Tukuyu, na simu ya kwanza ilisema mti umelala juu ya daraja. Kwa hiyo nyumbani palikuwa na watu watatu: Subilaga, Tusekile, na Ambokile kitandani.

Ambokile alikuwa na mwezi mmoja tangu apasuliwe koo. Alipumua kwa bomba dogo shingoni, na sauti yake ilikuwa imekwisha, kimebaki kinong'ono. Kando ya kitanda palikuwa na pampu ya kumsaidia kuvuta pumzi na kuilowesha mvuke. Pampu ile humsikiliza mlezi. Mlezi akinyamaza, inaendelea yenyewe kwa saa moja, kisha inajizima, maana walioitengeneza waliogopa isije ikamsukumia mtu pumzi isiyo kipimo chake. Na daktari alishasema: bila pampu, koo lile bichi litavimba muda si mrefu.

Uso wa pampu uliandika: dakika hamsini na nane.

Tusekile alikimbia kwenye Dirisha. Limezimika. Akaligusa, likafunguka, akashukuru Mungu. Aliona yaliyotokea: mashine mbili zimekufa, mbili zimejaa, na walezi tisa wamesimama nje hawana vibanda, mmoja wao wa nyumba yao. Mashine ya tano, ya akiba, ilikuwa nzima kabisa na tupu. Lakini ilifungwa siku ilipotoka matengenezo, na Mnyapara haruhusiwi kupanga mtu humo mpaka binadamu aseme. Amri ya neno moja. Tusekile aliitoa.

Dirisha likajibu kwa ile sauti yake ya upole: "Mjumbe hajaonekana kwenye njia."

Akairudia. "Mjumbe hajaonekana kwenye njia."

Alitafuta kwenye ghala la kijiji. Vyombo vingine vyote vipo, mjumbe hayupo. Akafungua skrini nyeusi yake mwenyewe akamwita mjumbe huko. Nayo haimjui, maana karatasi yake haijawahi kuandikwa. Ndipo akasogea kwenye kitenge.

"Mama, naomba muwaulize wao. Mjumbe anakaa wapi?"

Subilaga aliinama, akaweka sikio kwenye midomo ya mumewe. "Anasema mbona yupo siku zote."

"Yupo wapi?"

Akainama tena. "Anasema yupo nyumbani kwake."

"Nyumbani kwa nani, mama?"

"Kwake yeye. Anasema humo ndani ya mashine kila fundi ana nyumba yake, na kila nyumba ina jina la mwenyewe. Anasema mjumbe alimweka kwake tangu siku za kwanza, kwenye kabati la vyombo, akasahau kumpeleka ghalani. Anasema samahani." Subilaga akarudisha sikio midomoni. "Anasema sema njia yote, kuanzia nyumbani, kisha jina, kisha vyombo, kisha mjumbe."

Jina lenyewe lilikuwa la mzee, lilelile ambalo Tusekile haruhusiwi kulitamka.

Zamani ungeandika kwa vidole ukamaliza. Lakini tangu ile miaka watu walipojifunza kuiba alama za vidole, mashine zinazolinda wagonjwa hazikubali kuonyeshwa njia mpya kwa kuandikiwa. Lazima mwenye zamu atamke kwa kinywa chake, mashine imtambue sauti. Na mwenye zamu alikuwa Tusekile peke yake.

"Nikusemee mimi?" Subilaga aliuliza. "Mimi ni mke, si mkwe."

"Haitawasikia, mama. Inanijua mimi tu."

*

Alijaribu kuzunguka. Mtu yeyote angejaribu.

"Nyumbani, Baba Lusajo, vyombo, mjumbe," aliliambia Dirisha.

"Hakuna nyumba yenye jina hilo."

"Nyumbani, fundi mkuu, vyombo, mjumbe."

"Hakuna nyumba yenye jina hilo."

"Nyumbani kwa mwenye nyumba hii."

"Tafadhali taja jina."

"Ni mjinga huyu," Subilaga alisema kutoka kizingitini. "Kijiji kizima kinamjua Baba Lusajo."

Ambokile akagonga kitanda kwa kidole. Alitaka sikio la mashine, lile dude la kusemea lenye waya. Subilaga akalipokea chini ya kitenge, akamwekea mdomoni. Mzee akavuta pumzi, akanong'ona jina lake mwenyewe na njia yote, neno kwa neno. Alikuwa amefanya kazi na mashine ile miaka kumi na saba. Yeye ndiye aliyeifundisha kusikia.

"Hii ni sauti ya upepo," Dirisha likasema. "Tafadhali funga mlango."

Subilaga aliniambia hapo ndipo alipoona mumewe amezeeka. Alilirudisha lile dude chini ya kitenge, na upande wa pili mkono wa Tusekile ukalipokea, ukashika vidole vyake kidogo kabla ya kuviachia.

Dakika thelathini na nne.

Simu ikalia. Alikuwa kijana wa Kampuni ya Pumzi Moja, wanaouza walezi mijini, amepata habari kwamba banda letu limepigwa na radi. Sijui walizipataje, wenyewe wana masikio yao.

"Pole sana, dada Tusekile. Naona mmepotelewa na mjumbe."

"Hajapotea. Yupo mahali."

"Mimi ninaye wa kwetu hapa. Ukikubali tu, dakika tatu ameshaingia ghalani kwenu na Dirisha linamwona. Bure kabisa."

"Anakula nini huyo wa bure?"

Kijana akacheka. Alikuwa na adabu, Subilaga alisema, sauti nzuri ya mtu aliyelelewa. "Hali kitu, dada. Ananakili tu."

"Ananakili nini?"

"Pumzi. Usingizi. Saa za dawa. Vitu vidogo vidogo, vya kusaidia utafiti."

"Vya nyumba yetu?"

"Vya nyumba zote anazopita."

Niwaambie Ambokile alivyoanza kazi hii. Alipita nyumba kwa nyumba, akavua kofia, akaahidi mlangoni: pumzi ya nyumba hii haitavuka daraja. Ndiyo sababu watu walikubali. Mlezi anasikia mengi. Anasikia nani halali, nani analia, nani amerudi kunywa, kitanda cha nani kina mtu mmoja na cha nani kina wawili. Wengine tungemtupa nje siku ya kwanza kama si ahadi ile.

"Nipe muda," Tusekile alisema.

"Chukua, dada. Ila pampu ya mzee naona haina muda mwingi." Naye akakata.

Tusekile akakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani. Ukuta ule ni wa mbao. Upande wa pili, shubiri moja kutoka mgongo wake, ndipo kilipo kichwa cha kitanda cha mzee. Alisikia pampu ikivuta na kuachia.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Nikimchukua huyu wa bure, wao watapona na mimi nitabaki na heshima yangu. Hakuna atakayejua."

"Kweli."

"Wao watajua."

"Atajua."

"Na nikiwataja, nimevunja kitu nilichowapa miaka tisa. Sina kingine nilichowapa, mama. Chakula mnapika nyie. Mtoto hatujapata. Hiki ndicho changu."

Subilaga alinieleza kwamba alikuwa na jibu, lakini alijua si lake kulitoa. Akainama kwa mumewe amwambie, na kumbe mzee amesikia yote, ukuta ni mbao. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alinong'ona kwa muda mrefu, akipumzika kila baada ya maneno mawili, na kila pumziko lilikula sekunde kwenye uso wa pampu.

"Anasema hivi," Subilaga akaeleza. "Anasema ahadi ile ni ya watu wote, yeye hana haki ya kupona nayo. Na heshima ni yako, wewe ndiye unajua utaiweka wapi. Hatakulazimisha. Anasema jina ni kamba ya ndoo tu, mtu haoni haya kushika kamba." Akangoja. "Na anasema, kama ni aibu ya kusikiwa, yeye ataziba masikio. Basi hutakuwa umemtaja mbele yake."

Ikaja sauti ya Tusekile, na ndani yake kama kuna kicheko kinachotaka kulia.

"Wameziba kweli?"

"Ameziba kwa mto. Na mto wenyewe ni wangu."

*

Dakika kumi na tisa.

Tusekile alisimama. Alivuta kitenge cha kichwani akajifunika uso, kama anavyofanya akisikia kengele, ingawa mbele yake palikuwa na ukuta na mashine. Akasema polepole, chini kabisa:

"Nyumbani, Ambokile, vyombo."

"Sikusikia vizuri," Dirisha likasema. "Tafadhali rudia kwa sauti."

Mwingine angeitukana. Yeye alivuta pumzi, akarudia kwa sauti ya kuagizia sokoni.

"Nyumbani, Ambokile, vyombo."

Likafikiri. Kisha: "Nimefika. Hili ni kabati. Ndani kuna vyombo kumi na vinne. Tafadhali taja njia mpaka kwa mjumbe mwenyewe."

Alikuwa amesahau neno la mwisho. Kosa la haraka, hata fundi mkubwa hulifanya: unaonyesha kabati, huonyeshi chombo. Mara mbili ameshamtaja mzee, na mara zote mbili bure. Subilaga alimsikia akisema peke yake, "Sasa imekwisha, imekwisha." Halafu akainua kitenge kutoka usoni akakirudisha nyuma ya kichwa. Mara ya tatu hakunong'ona wala hakuagizia. Aliita, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya bonde ambaye unataka arudi nyumbani.

"Nyumbani. Ambokile. Vyombo. Mjumbe."

"Mjumbe ameonekana," Dirisha likasema. "Karibu, Tusekile."

"Fungua mashine ya akiba."

Mjumbe akaenda. Vibanda tisa vyekundu vikageuka manjano, maana Mnyapara anapopanga watu huwa hakimbii, anawahesabu kwanza. Cha kwanza kikawa kijani. Cha pili. Tusekile alikuwa anasoma namba za nyumba midomo ikicheza, ya kwao haijafika. Cha tano. Cha sita.

Ndipo mfukoni mwake kengele ikalia. Ti, ti.

Mzee yuko karibu, kengele ilisema, hatua chache tu. Tusekile aligeuka kwa mazoea ampishe njia, akakuta anautazama ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta pampu ilikuwa imebadilisha sauti, inamsikiliza mlezi tena, ikivuta polepole kwa kipimo kama inavyotakiwa. Akaketi palepale sakafuni, akaweka kiganja kwenye mbao.

*

Kazi haikuishia hapo, na hili Subilaga alilisisitiza akinielekezea kisu. Tusekile alimpigia yule kijana wa Pumzi Moja akamwambia asante, mjumbe wetu amepatikana. Kisha, kabla hata ya kunywa maji, akamtoa mjumbe kwenye nyumba ya mzee, akampeleka kwenye ghala la kijiji anakostahili kukaa, akalitamkia Dirisha njia hiyo mpya kwa ukamilifu. Akalizima. Akalifungua kwa kugusa, likamwona mjumbe. Akalizima tena, akalifungua kwa skrini nyeusi kama mzee, likamwona. Hakuridhika mpaka amefanya hivyo mara nne.

"Njia inasemaje sasa?" Subilaga aliuliza.

"Kijiji, vyombo, mjumbe."

"Jina halimo?"

"Halimo, mama. Atakayekuja baada yangu hatapata shida hii."

Halafu akasema, "Mwaweza kuwaambia wafungue masikio."

Subilaga aligeuka kitandani. Mto ulikuwa chini, upande wa miguu. Na kwa ulivyokuwa umepoa alipouokota, aliona haukuanguka sasa hivi.

"Baba Lusajo," alinong'ona. "Wewe uliziba au hukuziba?"

Mzee alitazama dari kama mtoto aliyekutwa na sukari. Akamwashiria mkewe asogee. "Mara mbili niliziba," alinong'ona. "Ya tatu nikautoa." Akapumzika, pampu ikamvutia pumzi. "Tangu mama yangu afariki hakuna aliyeniita kwa jina. Wote ni Baba Lusajo, fundi, mzee. Nikasema ngoja nisikie." Akapumzika tena. "Ameniita vizuri. Usimwambie."

"Simwambii."

"Mwambie kitu kingine."

"Nimwambie nini?"

Akafikiri. "Mwambie ndaga, asante sana. Mwambie mtindi wake naujua, na ndama wangu mwekundu ni wake tangu leo. Na mwambie njia aliyoiweka ndiyo sahihi, ningeiweka hivyo mimi ningekuwa na akili."

Subilaga alifikisha yote, isipokuwa la mto. Nami nimeliandika kwa kuwa aliniambia bila kuniapisha, na kwa kuwa Tusekile, nimjuavyo, atakuwa alishalijua. Ukuta ni mbao.

Mvua ilikatika jua likiwa bado lipo. Uani mawe yalikuwa yanayeyuka, na mlima wa Rungwe ulitokea juu ya mawingu umeoshwa. Nyumba nane zilituma salamu kwamba walezi wamerudi. Subilaga alipika uji, akapitisha bakuli moja chini ya kitenge. Alipolifuata, alimkuta Tusekile amelala sakafuni kando ya ukuta, kijiko mkononi, na uji haujapoa. Akamfunika blanketi. Akafunga kitenge vizuri, pande zote mbili, kila mmoja abaki na upande wake.

Aliporudi kitandani Ambokile naye alikuwa ameshalala. Pampu inavuta, inaachia. Mlezi aliwapashia godoro joto bila kuambiwa. Subilaga akajinyoosha kando yake na viatu miguuni, kwa kuchoka, akamtazama. Miaka thelathini na minane naye alikuwa akimwita Baba Lusajo, na kabla ya Lusajo kuzaliwa alikuwa akimwita "wewe".

"Ambokile," akasema, kujaribu tu lilivyo mdomoni.

Hakuitika, alikuwa usingizini. Akaliona zuri, akataka kulirudia, na usingizi ukamkuta kabla hajalimaliza.